Begi moja la kuzunguka nalo: ndege, boti, SGR na basi. La matairi au la mgongoni?

#1 Kisiki_wa_Mbezi

Wakuu, kwema?

Kazi mpya inanizungusha. Mara Mwanza kwa ndege, mara Unguja kwa boti, mara Dodoma kwa SGR, na mwezi wa nne kuna mafunzo Istanbul. Safari zenyewe fupi, siku mbili mpaka tano. Nimechoka kusimama kwenye mkanda wa mizigo nikisubiri begi lenye suruali mbili na mashati matatu.

Natafuta begi moja tu. Liingie nami ndani ya ndege, libebe laptopu, nguo za siku nne na pea ya pili ya viatu. Bei iwe ya mtumishi, isiwe ya mheshimiwa.

Msimamo wangu: begi la matairi ndilo begi la mtu mzima. La mgongoni waachiwe wanafunzi na Wazungu wa kupanda mlima. Anayepinga aje na hoja.

#2 Kashata_Moto

Nimekaa paleee.

#3 Mama_Ntilie_Mstaafu

Hoja ni hii: ukishuka botini pale Malindi ya Unguja, hayo matairi yatakufikisha wapi? Nina dada yangu anakaa Mkunazini. Kutoka barabara ya magari mpaka mlangoni kwake ni vichochoro, mawe yameinuka, kuna mfereji, na vespa inakuja nyuma yako inapiga honi. Nimemwona baba mzima, suti safi, kajitwika sanduku la matairi kichwani. Sasa matairi ya nini?

#4 Mpwani_Kisauni

Salaam kutoka Mombasa. Mama hapo #3 kasema kweli, na Lamu ndio kabisa. Uwanja wa ndege uko kisiwani Manda. Ukitoka hapo ni boti mpaka Lamu mjini, na ukifika hakuna gari linalokungoja. Ni miguu yako au punda. Begi likiwa mgongoni mikono yote miwili iko huru, unashika nguzo ya gati unavuka. Ukiwa na sanduku lazima umpe mtu akushikie, na hapo ushaingia kwenye hesabu ya bakshishi.

#5 Bodaboda_Msomi

Mkuu #1, na kwenye boda utalipakia wapi? Likikaa mbele kwenye tenki, mimi dereva sikati kona. La mgongoni unapanda, tunaondoka.

#6 Kisiki_wa_Mbezi

Naona mmenivamia na vichochoro na punda. Wakuu, mgongo wangu una miaka 46. Uwanja wa ndege wa Dar, JNIA Terminali 3, sakafu ni vigae mwanzo mwisho, sanduku unalisukuma kwa kidole. Na shati je? Ukibeba mgongoni unafika kikaoni umelowa jasho, mikanda imejichora mabegani. Mkurugenzi anakuangalia tu.

#7 Kaunta_Namba_Nane

Nimekaa kaunta za uwanja wa ndege miaka mingi, kampuni sitaji. Kabla hamjabishana matairi, tafuteni mizani.

Ethiopian na Qatar, daraja la kawaida, begi la mkononi ni kilo 7. Turkish, ambao mleta uzi huenda ndio atapanda, ni kilo 8, na vipimo ni sentimita 55 kwa 40 kwa 23. Qatar wanataka 50 kwa 37 kwa 25, kwa hiyo begi la urefu wa 55 linapita Addis na linaweza kukwama Doha. Kenya Airways wanakupa kilo 12. Na hivyo vipimo vinahesabu kila kitu: matairi, mpini, mfuko wa nje uliouvimbisha kwa chupa ya maji. Muuza duka anakupimia boksi lenyewe bila matairi. Matairi yanaongeza sentimita nne, tano, na hizo ndizo zinazogoma kuingia kwenye kile kichuma cha kupimia.

Sasa piga hesabu. Sanduku gumu la matairi manne, tupu, ni kilo 2.5 mpaka 3.5. Laptopu na chaja yake, kilo 2. Umeshafika 5 na hujaweka hata soksi. Begi la mgongoni la lita 35 hadi 40 ni kilo moja na ushee. Begi laini la begani, lisilo na fremu, mengine hayafiki kilo.

#8 Kashata_Moto

Swali la kijinga: hizo kilo 7 nani kazitoa? Kwa nini isiwe 10?

#9 Injinia_Uchwara

Usalama. Kabati la juu ya kiti lina ukomo wake. Siku ukipanda, lifungue uangalie ndani, mara nyingi kuna kibandiko kinachotaja kilo. Ndege ikikutana na hewa mbaya, kabati likafunguka, begi la kilo 15 likamshukia bibi wa watu kichwani, hapo tunaongea mengine.

#10 Mchumi_wa_Kijiweni

Usalama wapi, Injinia? British Airways wanaruhusu mpaka kilo 23 mkononi, ilimradi uweze kulinyanyua mwenyewe. Mashirika makubwa ya Marekani kwa kawaida hayana kikomo cha kilo, wanaangalia ukubwa tu. Na wengi wa hao wanarusha Boeing 787 kama Qatar na Ethiopian wanavyorusha. Fuvu la bibi wa London ni gumu kuliko la bibi wa Kigoma? Hiyo ni biashara. Ukizidisha unalipia.

#11 Mzee_Kipanga

Ni mafuta vijana. Kila kilo inakunywa mafuta.

#12 Mchumi_wa_Kijiweni

Mzee wangu, begi likitolewa kabatini likashushwa kwenye tumbo la ndege, si liko ndege ileile? Mafuta yamepungua wapi?

#13 Mzee_Kipanga

Mwanangu, mtu akijua atapimwa anaacha vitu nyumbani. Hapo ndipo yanapopungua. Tumia ile shule tuliyokulipia.

#14 Kaunta_Namba_Nane

Mnachezea pembeni. Ndege kubwa haimpimi abiria mmoja mmoja, inatumia wastani. Ulaya, mtu mzima kwa kawaida anahesabiwa kilo 84, na mkoba wake wa mkononi umo humohumo. Abiria wote wakipanda na kilo 15 za kuficha chini ya koti, wastani unakuwa uongo, na karatasi ya mizani ya ndege inakuwa uongo.

Ila Mchumi naye hajakosea sana. Wiki ambayo ndege imejaa, mizani inatolewa. Ndege ikiwa nusu tupu, hakuna anayekuangalia.

#15 Dada_wa_Njano

Kaunta, mbona mimi napimwa kila mara na wale wenye suti wanapita? Niliwahi kusimamishwa na kibegi kina kilo 8, mbele yangu kapita mzee na sanduku lililopasuka pembeni kwa kujaa. Nasema wanaangalia sura.

#16 Kaunta_Namba_Nane

Tunaangalia bega dada. Mtu akiinama upande mmoja, begi ni zito. Akibeba begi kubwa ametabasamu na kunyooka, tunadhani ni jepesi.

#17 Kashata_Moto

Kumbe tunafeli kwenye uigizaji 😂

#18 Mhifadhi_Ikoma

Niwape ya porini. Zile Cessna Caravan zinazotua Seronera na viwanja vingine vya mbugani, kawaida yao ni kilo 15 kwa mtu, begi la mkononi likiwa ndani ya hizo kilo, na begi liwe laini. Sababu inaonekana kwa macho: mizigo mingi inaingia kwenye boksi lililobandikwa chini ya tumbo la ndege, milango yake midogo, na rubani mwenyewe anapiga magoti kulisukuma begi ndani. Begi laini linabonyea linapita. Sanduku gumu linabaki limetoa kona nje, abiria wote wanakutazama.

Halafu rangi. Bluu iliyokolea na nyeusi zinavuta mbung'o. Ukiweka begi jeusi kwenye gari la wazi Tarangire utakuja kunisimulia.

#19 Kisiki_wa_Mbezi

Mhifadhi, mimi naenda kwenye mafunzo ya mfumo wa malipo. Mbung'o wa Istanbul sijawasikia.

#20 Mpwani_Kisauni

Rangi mimi nimeichukulia maanani kwa sababu nyingine. Huku kwetu, ukipanda SGR pale Miritini, mizigo yote inapangwa chini kwa mstari, nyinyi mnarudi nyuma, mbwa anapita kunusa begi moja moja. Begi lako jeupe la krimu linalazwa hapo chini. Nunua rangi ya vumbi. Na liwe linaloweza kusimama lenyewe, lisiwe linaloanguka kifudifudi kwenye ute wa mbwa.

#21 Sajini_Mstaafu

Mmetaja rangi, nami nitie neno. Msinunue yale ya mabaka ya kijeshi, hata kama ni mtumba mzuri na mifuko ishirini. Mwaka 2023 JWTZ walitoa siku saba watu wasalimishe mavazi yanayofanana na sare zao. Mtu anaweza kukukalisha chini kwa begi la elfu ishirini, mkatafutane.

#22 Fundi_wa_Karume

Natengeneza mabegi, kwa hiyo naona yanavyokufa. Wengi mnaulizia kitambaa. Begi halianzi kufa kwenye kitambaa. Linakufa kwenye zipu, kwenye kiungo cha mkanda wa bega, au kwenye mpini wa kuvuta.

Zipu: lijaze begi hapohapo dukani, hata kwa maboksi ya muuzaji, kisha funga mpaka mwisho. Angalia kwenye kona. Zipu inayosita konani likiwa jipya, ikipata vumbi la Singida haifiki Nzega. Zipu kubwa iwe namba 8 au 10, namba 5 ni ya mfuko wa kalamu. YKK ni Wajapani, wapo tangu 1934 na zipu zao ni imara, lakini yale maandishi kwenye kichwa cha zipu yasikulaze usingizi. Kichwa kinabadilishwa kwa dakika mbili, ninacho kisanduku kizima hapa.

Mkanda: geuza, angalia ndani pale unapoungana na begi. Mshono uwe wa mraba wenye msalaba katikati. Ukiona mstari mmoja wa uzi, rudisha mezani.

Kitambaa: ile 600D au 1000D ni unene wa uzi, gramu za uzi wenye urefu wa mita 9,000. Kubwa inadumu, ila ni nzito, na kilo zenu ni 7. Polista ya 600D yenye mshono mzuri inatosha. Kwa mtumba, ingiza mkono ndani upapase. Kikinata na kunuka uchachu, ule mpako wa kuzuia maji umeoza. Kwa nje utaliona jipya kabisa.

Mpini wa kuvuta ukipinda, spea hakuna. Nangoja sanduku lingine life.

#23 Kisiki_wa_Mbezi

Fundi, asante. Na matairi mawili au manne?

#24 Fundi_wa_Karume

Mawili makubwa, yaliyozama nusu ndani ya boksi. Hayo manne yanayozunguka yamening'inia nje, na ndiyo yananilisha mimi.

#25 Mwalimu_Historia

Mlioanza kumdharau mwenye matairi, mfahamu matairi ni mambo ya juzi. Mtu kashatua mwezini 1969, na hataza ya sanduku la kuburuza ya Mmarekani Bernard Sadow ikatoka 1972. Lile lilikuwa la kuvutwa kwa kamba, limelala. Hili la kusimama na mpini wa kuchomoza lilibuniwa na rubani, Robert Plath wa Northwest, mwaka 1987. Kwa hiyo rubani mwenyewe alichagua matairi.

#26 Bodaboda_Msomi

Rubani anashukia hotelini na gari la kampuni, mwalimu. Hajawahi kupita Mkunazini.

#27 Dada_wa_Njano

Mnazungumza begi, hamzungumzi cha kuweka ndani. Kilo 7 zinakutosha ukijua cha kuacha. Suruali ya jinzi ni zito, halikauki ukilifua usiku. Vaa viatu vizito, vyepesi ndio viingie begini, na ndani ya viatu sukuma soksi na chaja. Mimi khanga moja haikosi. Ni taulo, ni shuka la basi la usiku, ni stara ya kuswalia, ni ya kufunika kichwa kama kuna msiba, na ukiikunja ni mto. Mwanamume achukue kikoi.

Nguo zipange kwenye vifuko vidogo vya zipu, kimoja cha juu, kimoja cha ndani, kimoja cha chafu. Mkaguzi akisema fungua, unatoa kifuko. Humwagi nguo za ndani mbele ya foleni.

Na begi la mgongoni liwe linalofunguka lote pande tatu. Yale ya kufungua kwa juu tu, shati unalolitaka liko chini kabisa, kila siku.

#28 Mama_Ntilie_Mstaafu

Huyu binti kalelewa.

#29 Mjukuu_wa_Shangazi

Mnazunguka mno. Shangazi kaja, lile begi la miraba! Halifiki nusu kilo, linakunjika, linabonyea, linaingia kwenye kabati, kwenye buti, chini ya kiti na kwenye keria. Fundi hana kazi nalo. Bei ya soda chache.

#30 Kisiki_wa_Mbezi

Niingie Istanbul na shangazi kaja? Wenzangu watanikana uwanjani.

#31 Kaunta_Namba_Nane

Kisheria hana kosa. Likiwa ndani ya vipimo na kilo, linapita. Kanuni haina kipengele cha sura.

#32 Injinia_Uchwara

Laptopu itakaa wapi humo? Kati ya unga na dagaa?

#33 Mjukuu_wa_Shangazi

Unaifunga na khanga ya Dada wa Njano.

#34 Bint_Ngazija_Maskati

Assalaam aleikum. Mie nipo Maskati, na huku tabu yetu si nguo. Ni haluwa. Kila anokuja Unguja anaagiziwa haluwa, na haluwa kwenye mashine wanaihesabu sawa na majimaji, imezidi mililita 100 basi begini mwa mkononi haipiti. Nshaiacha bakuli nzima, kijana kaniambia ama uile hapa ama itupwe. Tukakaa pembeni na abiria wenzangu tukaila kwa vidole.

Kwa hivyo miye n'na begi la mgongoni, na ndani yake nimekunja kibegi chepesi cha nailoni, ukikifumbata hukioni. Nikiwa na haluwa kibegi kile hubeba nguo, na begi kubwa lenye haluwa nalikabidhi mzigoni.

#35 Mwalimu_Historia

Hiyo ya mililita 100 ilianza 2006, baada ya kugundulika Uingereza mpango wa kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji. Marekani hata siagi ya karanga wanaihesabu majimaji.

#36 Dada_wa_Njano

Na kile kifuko angavu cha kuwekea losheni, kuna watu walikuwa wanakitupa wakitua Dar tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019. Kile cha zipu cha vipodozi kinaruhusiwa, mradi ubaki nacho na uondoke nacho.

#37 Mbeba_Boksi_Bergamo

Mleta uzi, kama baada ya Istanbul utasogea Ulaya kwa ndege za bei chee, vipimo vya Kaunta usahau. Ryanair cha bure ni 40 kwa 20 kwa 25 tu. Ukizidisha unalipa getini, na bei ya getini inauma kuliko tiketi.

#38 Kaunta_Namba_Nane

Hiyo ya kwako ni ya zamani. Tangu Septemba 2025 ni 40 kwa 30 kwa 20, yaani lita 24. easyJet wao ni 45 kwa 36 kwa 20. Lakini onyo lako lipo palepale, begi la 55 hapo ni la kulipia.

#39 Mbeba_Boksi_Bergamo

Sawa mkuu, wametuongezea kiganja. Mimi ndio maana sinunui begi kubwa. Lita 24, linakaa chini ya kiti, na sigombanii kabati na mtu. Siku tano linanitosha.

#40 Mzee_Kipanga

Siku tano na lita 24 huo si usafiri, ni kutoroka.

#41 Injinia_Uchwara

😂😂 Wakuu kabla sijasahau, pawabenki. Kwenye mzigo wa kukabidhi hairuhusiwi, inakaa na wewe. Kikomo cha kawaida ni 100 Wh (wati-saa). Kuijua yako: ya mAh 20,000 zidisha volti 3.7, gawa kwa elfu, ni 74, uko salama. Baada ya ile ndege kuungua uwanjani Busan, Korea Kusini, Januari 2025, mashirika mengi yamekaza. Emirates tangu 1 Oktoba 2025 unabeba moja tu na huruhusiwi kuitumia angani.

Sasa ubaya unaanza kwenye ndege za pangaboi, ATR au Q400. Makabati yake madogo, sanduku linalopita Airbus huku haliingii. Mhudumu analichukua chini ya ngazi, linawekwa nyuma na mizigo. Watu wanalikabidhi na pawabenki imo, dawa za presha zimo, pasipoti imo. Begi lako liwe na mfuko mmoja wa juu ambao unautoa mzima kwa mkono mmoja. Mimi hicho ndicho kigezo namba moja, kuliko matairi.

#42 Kashata_Moto

Mkisafiri na hizo za kukabidhi tieni kufuli.

#43 Fundi_wa_Karume

Kufuli kwenye zipu ni heshima tu. Zipu ya koili ukiichoma na ncha ya kalamu ya wino inaachia katikati. Mtu anatoa anachotaka, halafu anavishika vile vichwa viwili na kufuli lake, anavipitisha kulia kushoto, imefunga. Hutajua mpaka ufike.

#44 Mama_Ntilie_Mstaafu

Fundi hiyo elimu ungekaa nayo.

#45 Kisiki_wa_Mbezi

Mrejesho. Jana nimeshinda Kariakoo. Nimeona la mseto: lina matairi mawili, mpini wa kuchomoza, na nyuma kuna zipu ukiifungua inatoka mikanda ya mgongoni. Vigaeni naburuza, Mkunazini navaa. Lita 40, 55 kwa 35 kwa 22. Ugomvi umeisha, uzi ufungwe.

#46 Kaunta_Namba_Nane

Tupu lina kilo ngapi?

#47 Kisiki_wa_Mbezi

2.9.

#48 Kaunta_Namba_Nane

Turkish kilo 8. Toa 2.9, toa laptopu na chaja 2. Umebaki na 3.1 kwa nguo za siku nne na viatu. Vyuma vya mpini vipo hata ukiwa umelivaa mgongoni, na utavisikia uti wa mgongo wote. Na uliposema 55, ulipima na matairi?

#49 Kisiki_wa_Mbezi

Muuzaji alipima.

#50 Mpwani_Kisauni

Haya basi.

#51 Kisiki_wa_Mbezi

Tatizo lenu hamtaki mtu mzima apumzishe mgongo. Laptopu nitaishika kwenye mkoba wa pembeni, wengi wanaruhusu kimkoba kidogo juu ya begi. Bado nasema matairi.

#52 Kaunta_Namba_Nane

Kimkoba kinaruhusiwa, kweli, ila mashirika mengine yanakipima pamoja na begi. Soma tiketi yako, usisome uzi.

#53 Dereva_wa_Usiku

Nimechelewa, nimesoma kurasa zote. Hamna aliyewawaza wa basi. Mnapanda Mbezi stendi ya Magufuli, konda anataka kila begi liende buti. Ukisema la mkononi anauliza mkono gani. Buti lina vumbi, lina ndizi za watu, lina mafuta ya mawese yanayovuja. Begi linaloingia chini ya kiti ni lile lenye upana wa sentimita 20 mpaka 22 na lisilo na matairi, zaidi ya hapo utalipakata mpaka Mwanza. Mkipata la matairi, tairi lina matope ya choo cha Singida na mnataka kulipakata kwenye suruali.

#54 Kashata_Moto

Hilo la tairi la chooni kumbe halikutajwa na mtu.

#55 Dada_wa_Njano

Na wanaliweka juu ya kitanda cha hoteli kulifungua!

#56 Mchumi_wa_Kijiweni

Mimi bado nangoja mtu anijibu kwa nini BA ni 23 na Qatar ni 7. Wastani, mafuta, mafuvu, hakuna iliyonijibu.

#57 Injinia_Uchwara

Muda wa kupanda. Mabegi mazito watu hawawezi kunyanyua, foleni inasimama, ndege inachelewa kuondoka.

#58 Mzee_Kipanga

Waingereza hawapendi foleni kuliko watu wote, na wao ndio wamewapa 23. Kajipange tena.

#59 Mjukuu_wa_Shangazi

Wakuu nauza begi la mgongoni, lita 38, kijivu, linafunguka pande tatu, mkanda wa kifua upo, nimelipima mwenyewe kilo 1.2. Elfu 45. Kisiki njoo PM.

#60 Kisiki_wa_Mbezi

Si ulisema shangazi kaja linatosha dunia nzima?

#61 Mjukuu_wa_Shangazi

Ndio maana hili nauza.

#62 Fundi_wa_Karume

Zipu kubwa namba ngapi?

#63 Mjukuu_wa_Shangazi

Namba 8. Ya pembeni ndogo inasita kidogo pale konani.

#64 Fundi_wa_Karume

Elfu 30, na umlete kwangu.